Nyundo Chini ya Kiti Changu

Majina ninayo yote. La aliyecheka, la aliyenyamaza, la aliyekuja na kanzu yake nyeupe kuniambia nimekosea, na la yule mwanamke wa Pangani aliyejifanya anauliza bei ya mikeka. Hata mbuzi aliyekula ua la bibi harusi siku ile ya Mwera alikuwa na jina, nami ninalijua. Siyaandiki. Nikiyaandika, jioni hii hii watanijia hapa barazani kugomba, kila mtu na kiti chake, na viti vyenyewe watakuwa wamekodi kwangu.

Mjukuu wangu ndiye aliyenichokoza. Anafanya kazi Dar es Salaam, ofisi ya ghorofa, yenye baridi ya mashine mpaka anavaa sweta mchana wa jua kali. Alikuja Idi akanieleza kuwa wamefanyiwa semina ya jinsi ya kumshika mfanyakazi mkorofi. Ati unamwita faragha, mnakaa wawili. Unaanza kwa kumsifu, katikati unamtia kosa lake, kisha unamsifu tena ili asirudi nyumbani na moyo mzito.

Nikamwuliza, "Na yule aliyekosewa, yuko wapi wakati huo mnaposifiana?"

Akafikiri. "Sijui, bibi. Hawakumtaja."

Basi naandika kwa ajili ya huyo ambaye hawakumtaja.

Ofisi yangu mie haina ghorofa. Ni chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Nguvumali, Tanga, mlango unatazama barabara. Ndani kuna meza, kiti cha binti anayepokea simu na wateja, na kiti changu cha mikono miwili ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Nyuma ndiyo ghala: maturubai, nguzo, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia pilau ya watu wengi, masinia, mikeka. Mwenye harusi, mwenye msiba, mwenye hitima, wote hupita kwangu. Mume wangu ndiye aliyeianza kazi hii. Alipofariki, wanangu walitaka tuuze kila kitu, mie nikae kwenye msala na kungoja kuletewa sukari. Nikawaambia sukari najua inakouzwa. Mpaka leo sijauza hata sinia.

Fundi wa maturubai nilimrithi pamoja na maturubai. Ni Mzigua, na kwao na kwetu ni watani tangu mababu. Mwenye kujua utani hana haja ya kuelezwa, lakini siku hizi wapo watoto wasioujua, basi niseme. Mtani wako anaweza kukutukana mchana kweupe, akakuchukulia kofia au kuku, nawe hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa. Kitu chake nawe unaweza kukikamata, akakikomboa. Na siku ya msiba ndipo mtani anapoonekana. Wenzake wanalia, yeye anafanya vituko, ndiyo kazi yake.

Siku tunamzika mume wangu, fundi huyu alijilaza kizingitini, jeneza likakosa pa kupita. "Hapiti mtu hapa," akasema, "mpaka nipewe kofia yake. Maisha yake yote alininyima, leo kapatikana!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mie nilikuwa chumbani na wanawake, nimejifunika, nami nikacheka. Tangu alfajiri nilikuwa sijaweza kuvuta pumzi sawasawa, na kicheko kile ndicho kilichonifungua kifua. Nikatoa kofia, nikasema apewe. Anaivaa mpaka leo.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kuwa mie sijui utani. Kila asubuhi fundi akifika huanzia nje, chini ya kizingiti.

"Bi kizee! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie. Ila na pua hiyo, sijui tutapata wapi jeneza la kuifunika."

"Sanda yako nimeshaipima. Umepungua, tutaokoa kitambaa."

Ndivyo tulivyoamkiana miaka yote, na kazi ikaenda.

Kisha akaja binti wa Kipemba. Shangazi yake anakaa mtaa wa nyuma, ndiye aliyemleta. Binti mpole wa sauti, ila mwepesi wa akili. Alikuwa na namna ya kumwambia mteja kwamba turubai limeshachukuliwa na mtu mwingine, na mteja akakata simu akishukuru. Nilimpa meza, nikampa kiti, nikampa na funguo za ghala, maana nilimwona ana mkono wa kuaminika. Kwa mshahara huo alikuwa akimtunza mama yake kule kwao.

Fundi akaanza naye kwa mzaha mdogo. Wateja wakiletewa chai anawaambia, "Chai ya huyu msinywe, mtaamka Pemba." Watu wakacheka. Binti akatabasamu, kwa adabu. Kesho yake akamwita "mke mdogo." Keshokutwa binti akija kazini anamkuta fundi kakaa kwenye kiti chake, kanyoosha miguu. "Njoo ukae mapajani, mke mdogo, kiti kimoja kinatutosha." Binti akabaki kusimama kandokando ya meza, simu sikioni, mtandio kaukaza mpaka kidevuni.

Mbele yangu alifanya nusu, nusu nyingine aliingoja mpaka niende ghalani. Nikamwambia amwache binti afanye kazi. "Utani tu, bi kizee," akasema, na dereva wetu wa Kirikuu, kile kigari cha mizigo, akadakia, "Utani tu, mama." Mama anayetuoshea masufuria hakusema kitu. Alisugua sufuria ile ile mpaka nikadhani ataitoboa.

Sasa ndipo walipokuja wale wanawake wawili wa Pangani.

Kwetu huku familia haiendi kuposa kwa kubahatisha. Kwanza hutumwa wanawake waende wakamtazame binti, na hawasemi kilichowaleta. Watakwenda kana kwamba wananunua kitu, waone anavyosalimu, anavyokaa, anavyojibu mtu. Shangazi mtu na dada mtu wa kijana mmoja wa Pangani ndio waliokuja. Mie siku hiyo nilikwenda hospitali kutazamwa macho, na yaliyotokea nilisimuliwa na mama wa masufuria.

Binti alikuwa ametoka kidogo kwenda kusali. Wanawake wakamkuta fundi kakaa kwenye kiti chake. Wakauliza bei ya mikeka. Halafu mkubwa wao, kwa mzunguko, akauliza, "Na yule binti wa hapa, Mpemba, yeye hayupo?"

"Huyo?" akasema fundi. "Huyo wangu. Tunalala mkeka mmoja, huo huo mnaouulizia bei."

Dereva alicheka mpaka akaegemea ukuta. Binti alikuwa anaingia mlangoni, kayasikia yote. Wale wanawake wakamtazama kutoka juu mpaka chini, wakaaga, wakaondoka. Mkeka hawakuchukua.

Mshenga, ambaye kwa desturi angefuata nyuma ya hao wanawake, hakufika. Badala yake yakaja maneno, yakipitia kwa watu, mpaka yakamfikia shangazi wa binti: mwana wetu hatumpeleki huko, yule ana bwana kazini.

Binti akanijia ndani, nimeshusha kitabu cha dua, funguo za ghala kazifunga kwenye leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona funguo mkononi?"

"Nimekuja kuaga. Mama kanipigia, kasema nirudi nyumbani."

"Mama kasema. Wewe wasemaje?"

Akaitazama ile leso. "Miye kazi naipenda, bibi. Lakini kila atakayeingia mlango ule sasa atanitazama vile walivyonitazama wale."

"Nani kaharibu?"

"Yeye."

"Basi mbona miguu inayoondoka ni yako?"

Nilimwambia azirudishe funguo mfukoni na anifuate. Nilikuwa nimekasirika hata viatu nilivaa vya mume wangu.

Mjukuu wangu angeniambia nimwite fundi faragha. Sikumwita faragha. Nilimwita pale pale mbele ya meza, na dereva, na mama wa masufuria, na mteja mmoja aliyekuja kuagiza viti vya hitima. Yule mteja alitaka kutoka, nikamwambia, "Kaa, baba. Maneno yenyewe yalisemwa mbele ya wateja."

Fundi akaingia anacheka. "Bi kizee, hitima ya nani leo? Yako?"

"Yangu tutaizungumza baadaye. Uliwaambia nini wageni wa Pangani?"

"Wale! Wana nyuso kama waliotafuna ndimu. Nikawachangamsha."

"Uliwaambia nini?"

"Utani tu."

"Sema basi, na sisi tucheke."

Akamtazama dereva. Dereva alikuwa anachunguza kandambili zake. Fundi akajikuna shingo. "Ah, bi kizee, mbele ya watu wazima..."

"Kumbe unajua kuwa hayasemeki."

Akaona haya kidogo, kisha haya zikageuka ukali. "Kwani bi kizee umeanza kunijua leo? Umeniona mara ngapi nikikutukana wewe mwenyewe? Umekasirika?"

"Mie na wewe ni watani. Babu yako na babu yangu walikubaliana. Babu wa huyu alikuwa Pemba anachuma karafuu zake, hakukubaliana na mtu yeyote."

"Mbona mwenyewe hajasema? Angesema hataki."

Nikamgeukia binti. "Umemsikia. Jibu."

Nilidhani atainama. Hakuinama. "Nilikwambia siku ile ya kwanza uliponiita mke mdogo," akasema. "Nikakwambia sitaki. Ukasema nadeka."

Mteja wa hitima akaguna. Mama wa masufuria, ambaye hajawahi kusema neno katika ofisi ile zaidi ya kuomba sabuni, akasema, "Alisema. Nilikuwepo."

"Utakwenda Pangani," nikamwambia fundi. "Utakwenda kwenye nyumba ile, uwaambie wale wanawake, kwa mdomo huo huo, kwamba ulisema uongo."

"Siendi. Mtani haombi radhi. Hiyo ndiyo sheria, wewe mwenyewe unaijua."

"Mtani haombi radhi kwa mtani wake. Huyu si mtani wako."

"Siendi, bi kizee."

Nyundo yake ilikuwa imeegemea mlango. Ni nyundo ya mti, ya kupigilia vigingi vya turubai. Aliichonga mwenyewe kwa mkwaju, mpini wake umelainika unang'aa kwa viganja vyake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Nikainuka, nikaichukua, nikaiweka chini ya kiti changu, nikakaa.

"Nimekamata," nikasema. "Komboa."

Hapo akacheka kweli, akadhani tumerudi kwenye mchezo. "Haya, unataka nini? Kuku?"

"Kuku sitaki. Nataka maneno, na yalipwe Pangani."

Kicheko kikamkatika. Kofia ya mume wangu ilikuwa kichwani mwake na mie sikuipepesea jicho.

"Jumamosi kuna harusi ya Mwera," akasema taratibu. "Nani atakusimamishia turubai?"

"Hilo halikuhusu. Wewe huna nyundo."

Akatoka.

Mtaani tukawa mazungumzo. Mwanangu mkubwa akanipigia simu, sijui nani kamwambia, maana mie sikumwambia.

"Mama, mtu umeishi naye miaka yote hiyo, unamfukuza kwa neno moja?"

"Neno moja lilitosha kumrudisha mshenga njiani. Kwa nini lisitoshe kumtoa fundi?"

"Lakini utani ni mila zetu, mama. Na biashara je? Huyo binti utapata mwingine kesho. Fundi kama yule hupati."

"Ndivyo unavyowapima watu? Kwa ugumu wa kuwapata?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nitakuletea sukari."

Akakata simu. Wanangu hawapendi nikiwakumbusha sukari.

Kisha wakaja wazee wa kwao fundi, kanzu zimepigwa pasi, wakaketi barazani. Nikawapa kahawa na tende. Wakaanza kwa utani, ndiyo adabu yao. Mmoja akasema wamesikia ndugu yao katekwa nyundo na ajuza, wamekuja kulia. Nikawaambia walie polepole, majirani wana mtoto mchanga. Tukacheka. Halafu mkubwa wao akaweka kikombe chini.

"Sasa tuseme kweli, bibi. Ukimlazimisha mtani aombe radhi, umevunja utani wa wazee wetu. Msiba ukikufika, nani atalala kizingitini? Utatoka nyumba hii kimya kimya, kama mtu asiye na watu."

Neno lile lilinichoma, sifichi. Nilikiona kile kizingiti. Nilimwona mume wangu kwenye jeneza na nikasikia kicheko changu mwenyewe nyuma ya mlango. Mtu wa umri wangu anafikiri sana juu ya siku atakayotoka, na nani atakuwepo. Wazee wakaona nimenyamaza, wakadhani wamenipata.

"Akalale kizingitini pangu hata wiki nzima," nikawaambia. "Jeneza langu alizuie mpaka apewe kitanda na godoro. Hayo ni yake na mie, simnyang'anyi. Lakini mlango wa yule binti si mlango wake, hajaalikwa kulala pale."

"Ni binti wa watu tu, bibi. Mgeni."

"Wageni nao wana mama zao."

Wakanywa kahawa ikaisha. Yule mkubwa akainuka, akasema kahawa yangu chungu. Nikamwambia tende zilikuwepo, hakuzila. Nyundo ikabaki mahali pake.

Jumamosi tukaenda Mwera. Dereva alikuja, sitamnyima haki yake, ingawa alikuja kanuna kama mtu aliyeamshwa. Nyuma ya Kirikuu tukapakia turubai na nguzo, na mimi nikachukua wanawake wa mtaani ambao hunisaidia kuosha masinia, na mama wa masufuria, na binti. Nyundo niliipakata mapajani mwangu. Tulipofika Pangani kwenye kivuko, kijana wa kamba akachungulia ndani ya gari.

"Bibi, fundi wako leo yuko wapi?"

"Ndio hawa."

Akacheka. Sikucheka, akaacha.

Kule Mwera wenye harusi walikuwa wameshachimba meko, moshi umetanda kwenye minazi. Tukatandaza turubai. Ukiwa umemwona mtu akifanya kitu miaka yote, unadhani unakijua, mpaka ukishike. Kamba zikatuchanganya, tukafunga, tukafungua. Binti akachukua nyundo. Kigingi cha kwanza kiliruka kikampata kuku. Cha pili kikapasuka. Nikamwona anafuta jasho kwa ncha ya mtandio, anapanua miguu, anainua nyundo kwa mikono miwili. Cha tatu kikaingia. Sijui alikuwa anampigilia nani, ila kiliingia. Kutoka hapo hakuacha, na mama wa masufuria akawa anamshikia vigingi akimwambia, "Piga, mwanangu, kaza, piga."

Turubai likasimama. Lilisimama limeinamia upande wa jikoni.

Baba wa bibi harusi akaja, mikono nyuma, akalizunguka. "Bibi," akasema, "turubai hili linarukuu."

"Limerukuu tu. Likisujudu, niite."

Alasiri ukaja upepo wa baharini. Kitambaa kikavimba, nguzo zikalia, sisi wanawake wote tukaacha masinia tukasimama kulitazama. Mbuzi akapata nafasi hiyo kulila ua la bibi harusi. Lakini turubai halikusujudu. Lilisimama mpaka maharusi wakatoka na mgeni wa mwisho akabeba pilau yake kwenye mfuko. Tuliporudi kivukoni binti alikuwa na malengelenge viganjani, anayapuliza. Tulipita Pangani mjini hakutazama nyumba yoyote.

Baada ya siku chache nikamsikia mtu nje, chini ya kizingiti. Hakuuliza kama nimekufa.

"Nasikia Mwera kulikuwa na turubai linasali."

"Lilisali likatoa salamu. Watu walikula wakashiba."

"Nasikia limefungwa kama ng'ombe wa kuchinjwa."

"Njoo ulifungue."

Nilimwona kupitia pazia, kajiegemeza kwenye nguzo ya baraza, anazungusha kofia mkononi. Mikono yake haikuwa na kitu kingine cha kushika. Nilijua watu walikuwa wameshamwita akasimamishe maturubai kwingine. Nilijua pia alijaribu kuchonga nyundo nyingine. Hakurudi kwa kukosa kazi. Mtaa mzima ulikuwa unamwuliza, "Umeshakomboa?" Kila anapopita, "Umeshakomboa?" Utani wenyewe ndio uliokuwa unamla.

"Gari inakwenda Pangani leo?" akauliza.

"Inakwenda mtu akitaka."

Nilikwenda naye, maana mambo mengine unataka kuyasikia kwa masikio yako. Nyumba ile iko karibu na mto, baraza yake imesakafiwa upya. Wale wanawake wawili wakatukaribisha, wakaleta maji. Fundi hakukaa. Akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyesema yale maneno," akasema. "Ni uongo. Yule binti hana neno nami, na hajawahi kuwa nalo. Aliniambia nimwache, sikumwacha. Nilidhani nachekesha."

Mwanamke mkubwa akamtazama. "Kwa nini mtu azue jambo kama hilo juu ya mtoto wa watu?"

Fundi akanigeukia, kama mtu anayetaka kutupiwa kamba. Sikumtupia. Alisimama pale mpaka akapata maneno yake mwenyewe, na yalikuwa machache: "Sijui, mama." Naamini yalikuwa ya kweli.

Nyundo nilimpa hapo hapo barazani kwa watu. Kakomboa, ni yake. Alipoiona ina alama mpya kichwani, akapitisha kidole juu yake.

"Na kazi?" akauliza tulipokuwa garini.

"Nyundo niliikamata mie, nimekurudishia mie. Kazi kamwulize yule uliyekaribia kumfukuza."

Akamwuliza. Binti alikuwa kwenye kiti chake, akamwacha asimame hapo mpaka alipomaliza na simu. "Arudi, bibi," akaniambia mimi, si yeye. "Turubai la Mwera miye lilinitia hofu. Ila kiti changu asikikalie. Na jina langu analijua, aniite hilo."

Mshenga wa Pangani akaja baada ya hapo, na barua ya posa, na maneno matamu. Shangazi mtu akapiga vigelegele mlangoni. Binti akakataa. Tulipomwuliza, akasema, "Walinikuta pale pale mlangoni. Wangeniuliza miye." Shangazi akalia, mama akapiga simu akalia, mwanangu naye akanipigia kuniambia nimempotezea mtoto wa watu mume. Nikamwambia hakupoteza mume, alikataa mmoja. Hayo ni mambo mawili na mtu mzima anatakiwa kuyatenganisha. Mwaka huu kuna mwingine anayepitapita hapa. Huyu alianza kwa kumwuliza mwenyewe. Tutaona.

Wapo wateja walionihama. Wanasema bibi wa Nguvumali hana utani, ukienda kukodi viti lazima ukae kama umekwenda mahakamani. Waende. Viti vya mjini ni vingi. Dereva naye alituacha, kasema kwetu siku hizi hakuchekeshi. Dereva wa sasa hacheki wala hanuni, anaendesha gari.

Mjukuu wangu kayasoma haya mpaka hapa. Kaniambia nimsifu basi fundi kidogo, maandishi yasiwe makali sana. Haya. Hakuna Tanga nzima anayekaza kamba ya turubai kama yeye, na upepo unalijua hilo. Nimemsifu. Kosa lake nimeshalisema, tena mbele ya watu. Kumsifu mara ya pili, kama walivyofundishwa, sina nguvu hizo.

Asubuhi ya leo kafika mapema, kasimama chini ya kizingiti.

"Bi kizee! Bado hujafa?"

"Bado. Umeshachagua utakachochukua siku hiyo?"

"Hicho kiti chako."

"Utakipata ukilala kizingitini vizuri. Sasa vua viatu uingie."

Akavua. Akapita mbele ya meza, akamwamkia binti kwa jina lake, lote, na la baba yake, akaenda ghalani kuchukua vigingi.